Nahodha wa Mbaraki

SEHEMU YA KWANZA: Daftari Saba

Siku ya arubaini ya Babu, khitma ikiwa imekwisha na masinia ya pilau yamerudi jikoni, mzee mmoja alibaki nje peke yake, upande wa njia iendayo kwenye Nguzo ya Mbaraki. Kanzu yake ilikuwa imechujuka mabegani. Hakuingia, hakula. Nikampelekea kahawa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wewe ndiwe mjukuu wa Nahodha?"

"Ndimi."

"Ameacha daftari ngapi?"

Nilishtuka. Habari ya daftari zile ilikuwa yetu ya ndani, na mimi mwenyewe nilikuwa nimezikuta wiki ile ile, chini kabisa ya kasha la nguo zake, zimefungwa kwa kipande cha kikoi. "Saba," nikamjibu.

Akanirudishia kikombe kimejaa vile vile. "Ni nane," akasema, kisha akashika njia ya feri taratibu, asigeuke nyuma.

Kwetu Mbaraki jina la Babu halikutajwa hata kwenye tanzia bila ya "Nahodha" kutangulia. Tulizaliwa tukalikuta. Jioni, meli za saruji zikiwa zimefunga gatini na vumbi limetua kwenye mapaa ya mabohari, watu walikuja barazani kwake kumsikiliza. Alisimulia siku tatu za shwari baada ya Ras Hafun, maji ya kunywa yakigawanywa kwa kifuu. Alisimulia foromali ilivyovunjika usiku, na baharia aliyezama ngamani kuziba tundu kwa pamba na sifa. Alisimulia kwa shairi, beti baada ya beti, na kila shairi lilifungwa kwa tamma yenye jina hilo moja: Nahodha.

Nguzo nayo aliitia humo. Ni nguzo ya mawe ya matumbawe, imeinama kidogo, kando ya mahali palipokuwa na msikiti wa kale. Huko nyuma upande huu wa kisiwa ulikuwa na mji wake, Tuaka, wa Wakilindini, mojawapo ya Thelatha Taifa, yale mataifa matatu ya Mombasa. Mji umekwisha, nguzo imebaki, na hadi leo wako wanaokwenda kuacha marashi na ubani chini yake kwa haja zao. Katika mashairi ya Babu nguzo hiyo ndiyo aliyoitafuta kwa macho akirudi safari, ndiyo iliyomwambia amefika. Nikiwa mtoto nilidhani ilijengwa kwa ajili yake.

Basi jioni ile ya arubaini nikamfuata Nyanya chumbani. Alikuwa ameketi kitandani akishona kofia ya viua, maana hata msiba haukumtenga na kofia zake. Mkono wa kulia umeishika kofia, macho yamekaribia kitambaa.

"Nyanya, yuko mzee ameniuliza habari ya daftari za Babu. Asema ni nane."

Sindano ikasimama.

"Alikuwa na kovu hapa?" Akagusa chini ya sikio lake.

"Sikumtazama vizuri. Labda ni baharia mwenzake. Labda walisafiri pamoja."

Nyanya akaiweka kofia mapajani. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mtoto ameshakuwa mkubwa wa kuambiwa.

"Mjukuu wangu," akasema, "babu yako alikuwa karani wa kuhesabu magunia, tangu ujana hadi alipostaafu. Kwenda Likoni kwa feri alikuwa akitapika. Jahazi hakupata kulipanda hata siku moja."

SEHEMU YA PILI: Mkono wa Pili

Usiku ule sikulala. Sikumuonea haya Babu, nilimuonea uchungu. Nilijiuliza ni mzigo gani huo, mtu kubeba bahari nzima kifuani na asiwe na hata kasia.

Asubuhi nikazitia daftari mkobani, nikapanda tuktuk hadi Kibokoni, kwa ustadh mmoja aliyenisomesha utotoni. Zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, Kiswahili chake kimebanwa bila irabu, na mimi hati hizo nazisoma kwa kuokota herufi moja moja. Ustadh alizipokea kwa mikono miwili. Akavaa miwani, akafungua ya kwanza, midomo ikaanza kucheza.

Nilimweleza yote. Nikamwambia, kwa sauti ambayo naikumbuka hadi sasa kwa kuwa ilikuwa karibu na kilio, kwamba Babu alikuwa mwongo.

"Wewe si mwalimu wa Kiswahili?" akaniuliza. "Muyaka wamsomesha vipi?"

"Kwamba Muyaka bin Haji alizaliwa hapa Mombasa takriban 1776, akafa takriban 1840. Kwamba aliisemea Mvita zama za Mazrui, ikipigana na Lamu na ikimkataa Sultani Seyyid Said. Kwamba ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni."

"Hayo ni ya mtihani. Mimi nakuuliza, Muyaka ni nani?"

Nikanyamaza. Katika beti zake yumo mpiganaji anayemtisha adui hata kabla panga hazijachomolewa. Ukifungua ukurasa mwingine yumo mwanamume ameumizwa na mapenzi. Ukurasa mwingine yumo aliyebanwa na maisha. Wote hao husema "mimi", na wanafunzi wangu huniuliza kila mwaka yupi kati yao ndiye yeye. Huwa nawajibu kwamba ni wote. Pale barazani kwa Ustadh niliona kwamba jibu hilo halijafika mbali.

"Sikiza," akasema. "Muyaka hakujigamba peke yake chumbani. Alijigamba mbele ya watu wa Lamu, na Lamu nako kulikuwa na mafundi, akina Bwana Zahidi Mngumi. Ukisema wewe ni simba, kesho shairi laja na jahazi kukuuliza makucha yako yako wapi, na laja kwa vina vile vile vyako, usipate pa kukimbilia. Mtu akijisifu penye watu wa kumjibu, lile linalobaki limesimama baada ya kujibiwa, hilo ndilo jina lake. Mazrui walianguka 1837, Ngome ikashikwa na watu wa Seyyid Said. Jina la Muyaka halikuanguka nao. Na hakuliacha kwenye kitabu! Liliachwa vinywani. Miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazungukia waliokumbuka, akaziokota beti, akampa Taylor, yule mmishenari Mwingereza. Makaratasi yakaenda London. Diwani ikahaririwa na Hichens, ikachapishwa kule Johannesburg 1940. Hesabu mwenyewe."

Nikahesabu. Miaka mia hadi kitabu. Na miaka mingi ya hiyo, kabla Sikujua hajaziokota beti, mtu huyo aliishi katika kumbukumbu za watu ambao hawakulipwa kumkumbuka, na kila mmoja wao, nadhani, alishika kile alichokipenda na kuachilia kingine. Muyaka tunayemsoma ameundwa naye mwenyewe, kisha akaundwa na waliomjibu, kisha akaundwa na waliomweka moyoni. Jambo hili nilikuwa nalo mbele ya macho kwa miaka yote ya kusomesha na sikuliona, hadi Babu yangu alipokufa.

Ustadh alikuwa amefika daftari la tatu. Ghafla akasita, akarudi nyuma ukurasa mmoja, akaja mbele tena.

"Umeziona hizi?"

"Zipi?"

Akanisomea taratibu, akipiga mizani kwa kidole juu ya goti. Kwanza ubeti wa Babu:

Nimeivuka bahari, usiku pasi na nyota,
Upepo wenye hatari, tangani ukinivuta,
Mkono wangu hodari, sukani haukusita,
Nahodha mwenye fahari, pwani yote waniita.

Kisha, katika ukurasa unaoutazama, ubeti mwingine:

Nijibu ewe hodari, jahazi umelipata?
Kiganja chako johari, kamba haijakikata,
U karani wa bandari, wahesabu na kufuta,
Hata feri ni hatari, wasimama na kusita.

Nilihisi baridi mgongoni. Yuko mtu aliyejua, na alijua tangu mwanzo. Alikuwa amemkabili Babu kwa vina vyake mwenyewe, ri kwa ri, ta kwa ta, bila kumhurumia. Na Babu hakuuchana ukurasa ule. Aliufungia kashani.

"Daftari zote ziko hivi," Ustadh akasema, akifunua haraka. "Kulia Nahodha, kushoto mjibu. Na tazama ubeti unaofuata. Baada ya kuambiwa kiganja hakina alama ya kamba, Nahodha anarudi na shairi zima juu ya kamba: ilivyosokotwa, inavyonuka ikilowa, inavyochuna ngozi. Amekwenda kuuliza kwa mabaharia. Kila anapofumwa, anajifunza. Huyu mjibu ndiye aliyemfundisha kuwa nahodha."

"Ni nani, Ustadh? Kuna jina?"

"Hakutia jina hata mahali pamoja." Akaliinua daftari hadi kwenye mwanga wa dirisha. "Lakini njoo hapa. Tazama wino."

Niliinama. Beti za Babu zilikuwa na kivuli cha wino kila mstari, kama moshi mwembamba, mahali kiganja kilipopita juu ya herufi mbichi.

"Hati hii yatoka kulia kwenda kushoto," Ustadh akasema. "Mwandishi wa mkono wa kulia, asipofunzwa kuuweka mkono chini ya mstari, hupita juu ya alichokiandika, akakipaka. Sisi chuoni tulichapwa kwa hilo. Sasa mtazame mjibu."

Beti za mjibu zilikuwa safi. Hapakuwa na hata doa.

"Mkono wake umetangulia kalamu, umepita kwenye karatasi tupu. Herufi zake nazo zimelala upande mwingine." Akavua miwani. "Mwanangu, huyu ameandika kwa mkono wa kushoto."

Nikaiona kofia ya viua mapajani. Mkono wa kulia umeishika kofia. Na sindano?

Nyumbani kwetu mwenye shoto ni mmoja tu.

SEHEMU YA TATU: Moshi wa Sufuria

Nilimkuta Nyanya ukumbini na nduguye, Babu Mdogo, wanakunywa chai kwa mahamri. Sikusema neno. Nililifungua daftari la tatu, nikaliweka mbele yake.

Nyanya alilitazama bila kuligusa. Babu Mdogo akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye amengoja siku hiyo muda mrefu. "Dada," akasema, "ya leo imekwisha."

"Chuoni walinifunga mkono huu kwa kitambaa," Nyanya akasema, akiuinua wa kushoto, "niache kuuandikia. Nikaacha mbele ya watu. Babu yako alipoleta posa, baba alitaka mkwe mwenye chombo. Basi akaniletea shairi kwa siri, ati yeye ni nahodha, jahazi li njiani. Nilijua ni karani. Nilikuwa nikimuona akipita na daftari lake la magunia. Nikamjibu. Nilidhani ataona haya akome. Akarudi na shairi zuri kuliko lile la kwanza."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba si nahodha? Kila aliyekuja barazani mwenye akili alijua. Mabaharia wenyewe walijua, na ndio waliomkosoa akitaja pepo kwa msimu usio wake. Walikuja kwa kuwa wao waliokwenda hawakuweza kuyasema, na yeye ambaye hakwenda aliweza. Mimi nikawa nahakikisha tu hasemi ovyo."

Babu Mdogo aliweka kikombe chini. Yeye alisomea uhandisi Moscow, Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, miaka ya sitini, na akianza kwa kutazama dari tunajua Urusi inakuja.

"Kule nilimjua mtu wa namna hii," akasema. "Si kwa kumuona. Mwezi wa Machi 1966 mwalimu wetu wa Kirusi aliingia darasani macho mekundu. Amekufa Anna Akhmatova. Wengi wetu hatukumjua. Mwalimu akafunga mlango, akaanza kutusomea, bila karatasi. Jina lile, Akhmatova, hakuzaliwa nalo. Alizaliwa Anna Gorenko, 1889, na baba yake hakutaka jina la ukoo litiwe katika mambo ya mashairi. Basi akachukua jina la upande wa mama, lenye sifa ya Kitatari, la kumfikisha hadi kwa Khan Akhmat, mzawa wa Genghis Khan. Binti wa afisa wa majini akajipa ukoo wa mfalme wa nyikani, na akauishi. Alisimama wima, akasoma kama malkia, hata watu wakamuona malkia."

"Na hapakuwa na wa kumjibu?" nikauliza, nikiyakumbuka ya Ustadh.

"Wa kumjibu ilikuwa dola. Mume wake wa kwanza, Gumilyov, alipigwa risasi 1921. Mwanawe Lev akakamatwa. Miezi 17 alipanga foleni nje ya jela Leningrad na wanawake wengine. Lile jina la kifalme lingeweza kufa pale, penye theluji, penye mkoba wa chakula cha mfungwa. Halikufa. Alilishusha chini likawa jina la wanawake wote wa foleni ile. Na hayo mashairi ya foleni hayakuandikwa yakawekwa. Aliandika kikaratasi, rafiki yake Lydia Chukovskaya akakisoma kimya hadi kikamwingia, kisha kikachomwa kwenye kisahani cha majivu. Ndivyo yalivyokaa, vichwani mwa watu wachache, hadi yalipochapishwa Munich 1963. Nchini kwake yalingoja hadi 1987. Niliporudi nikamsimulia dada habari hii ya majivu. Nilimsimulia kama hadithi." Akamgeukia nduguye. "Sikujua utaichukua kuwa kazi."

Nyanya alikuwa akichezea pindo la leso.

"La nane nililichoma mimi," akasema. "Jikoni hapo, kwenye sufuria. Ulikuwa mwaka wa 1969. Kijana wa Kuze, Abdilatif Abdalla, alikuwa amefungwa kwa ule waraka wake, Kenya: Twendapi? Mtoto wa watu tunaowajua, jela kwa maandishi. Babu yako alirudi kazini akalitoa daftari la nane, akaniambia, hili likionekana nimekwisha. Kwa maana la nane halikuwa la bahari."

"Lilikuwa la nini?"

"La mgomo. Januari 1947, mji mzima uliposimama siku 12, bandari kimya, reli kimya, watu wamekusanyika kwenye uwanja walioupa jina wenyewe, Kiwanja cha Maskini. Yeye alikuwa mvulana, akibeba chai. Aliyaona aliyoyaona. Humo hakujifanya nahodha. Ndilo daftari la pekee ambalo sikumjibu, kwa kuwa halikuwa na mahali pa kusema hapa umeongopa."

Alinyamaza. Nje mwadhini akaanza kuadhini alasiri, na sote tukamngoja amalize.

"Siku tatu nilikaa nalo," Nyanya akaendelea. "Nikalisoma nikipika, nikalisoma nikishona, ubeti kwa kila ua la kofia. Nilipoweza kulisema lote bila kutazama, nikatia mafuta ya taa. Babu yako alikaa pale mlangoni akilia, akasema ni moshi. Na tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya swala, nalipitia kichwani. Zaidi ya miaka hamsini, mjukuu wangu. Halijapungua mzani."

Nikautazama ule uso ambao nilidhani naujua. Sikujua niseme nini, nikamwomba radhi, ingawa sikujua kwa kosa gani.

"Leta daftari jipya," akasema. "Na kalamu. Uandike kwa hati uitakayo."

Nikaandika. Alisema macho yamefumbwa, mkono wa kushoto ukipiga mizani juu ya meza, vidole vinne, kidole kimoja kwa kila mshororo. Nilizisikia winchi zikinyamaza moja baada ya moja. Niliwaona makuli wameketi chini, na mvulana mwenye birika anapita katikati yao. Kisha mvulana wa pili akaingia katika shairi, mwenye damu chini ya sikio, na tangu hapo shairi likabadilika mwendo. Mara Babu Mdogo akaacha kutafuna. Beti ishirini na nane zikapita. Nyanya akavuta pumzi.

"Tamma," akasema.

Nikaushusha mstari, tayari kuandika Nahodha. Ndivyo tamma zote saba zilivyofungwa, katika kila daftari.

Nyanya akausema ubeti wa mwisho hadi mwisho. Jina lilikuwepo mahali pake, limekaa sawasawa kwenye mizani. Halikuwa Nahodha. Halikuwa lile lililo kwenye kitambulisho cha Babu, wala lile tulilolichonga juu ya kaburi lake. Lilikuwa jina la mwanamume nisiyepata kumsikia, na Nyanya alilitaja kama mtu arudishaye amana.

Nikainua kalamu. "Nyanya, huyu ni nani?"

Hakunijibu. Alikuwa ameyafumbua macho, anautazama mlango. Kizingitini palikuwa na ncha ya kanzu iliyochujuka, na mkono uliokuwa ukitafuta mahali pa kushika.

"Hodi wenyewe," sauti ikasema. "Nimekuja kulichukua jina langu."

*Itaendelea Jumamosi ijayo.*